UZI: Paja limevunjika, bima ya ajali imelipa sifuri. Kosa liko wapi hasa?

#1 Karanga_Juu (Moshi)
Wakuu, salamu.

Hoja hii inarudi kila mara kwenye vijiwe vya bodaboda, kuanzia Kiboriloni hadi Kwa Mrombo, na kila ikirudi watu wanaishia kusema "bima ni wizi". Chukua kesi ya kawaida kabisa. Dereva ana bima ya ajali binafsi, ameambiwa ni ya milioni 10. Anagongwa njia ya Himo, mfupa wa paja unakatika, anawekewa chuma ndani, anakaa nyumbani miezi mitano. Anapeleka madai, jibu linarudi kwamba hakuna kinacholipwa. Hajafoji kitu. Ada kalipa, hati anayo.

Maelezo yangu ni haya. Ile milioni 10 ni ya kifo na ulemavu wa kudumu. Paja likiunga vizuri, mguu ukabaki na urefu wake na goti likakunja kama zamani, daktari anaandika ulemavu wa kudumu asilimia 0. Asilimia 0 ya milioni 10 ni sifuri. Kinachotakiwa kumlisha miezi mitano ni kifungu kingine kabisa, malipo ya kila wiki kwa ulemavu wa muda, na kwenye bima nyingi za bei ya chini kifungu hicho hakimo.

Kwa hiyo nasema wazi: jeraha kubwa tunaloliona zaidi barabarani huku kwetu ndilo ambalo bima ya bei nafuu hailigusi. Mnaoijua kazi hii, nisahihisheni.

#2 Kijiwe_Mbuyuni (Moshi)
Naweka kambi hapa. Ongezeni nyama kwenye hesabu, wakuu.

#3 Wakala_Sakina (Arusha)
Mleta uzi umegusa penyewe, ila ni nusu. Bima hii ina vyumba vinne na kila chumba kina bei yake: kifo, ulemavu wa kudumu, malipo ya wiki, na gharama za matibabu. Mteja akisema "nipe ya chini kabisa", anapewa viwili vya kwanza.

Tufanye hesabu ya dereva huyohuyo. Tuseme hati yake inasema malipo ya wiki ni 50,000, siku za kusubiri 14, ukomo wiki 104 (zipo zinazoishia wiki 52). Matibabu ukomo 1,000,000. Kakaa wiki 20. Toa wiki 2 za kusubiri, zinabaki 18, mara 50,000 ni 900,000. Risiti za hospitali ni 1,400,000, analipwa 1,000,000. Jumla anaondoka na 1,900,000 huku ile milioni 10 ikiwa haijaguswa. Ondoa hivyo vyumba viwili, anabaki na sifuri ya #1.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi: malipo ya wiki hayaruhusiwi kuzidi kipato. Ukikatia 200,000 kwa wiki na kipato chako kinachothibitika ni 90,000, hutalipwa 200,000. Na bodaboda hana karatasi ya mshahara. Kinachosaidia ni daftari la hesabu ya bosi lenye tarehe na saini, na taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita kabla ya ajali. Dereva anayepokea nauli zote kwa noti na kumpa bosi hesabu mkono kwa mkono hana cha kuonyesha.

#4 Korongoni_Sheria (Moshi)
Naona mnagombania vyumba wakati mlango wenyewe umefungwa. Kabla ya kufika kwenye paja, fungua ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Karibu kila hati ya ajali binafsi ina mstari wa pikipiki. Zipo zinazofuta pikipiki moja kwa moja, awe dereva awe abiria. Zipo zinazoruhusu "isiyozidi cc 125".

Sasa nenda stendi yoyote hapa mjini uhesabu Boxer 150. Ukubwa wa injini umeandikwa kwenye kadi ya usajili, na mpelelezi wa kampuni anaanza na kadi hiyo. Baada ya hapo anaomba leseni. Daraja A1 ni la pikipiki isiyozidi cc 125, zaidi ya hapo ni A. Mtu mwenye A1 juu ya cc 150 ana matatizo mawili kwa mpigo: mstari wa cc na mstari wa "kuendesha bila leseni halali".

Kwa hiyo ile sifuri ya mleta uzi, mara nyingi sababu yake ni kadi ya pikipiki. Asilimia za daktari zinakuja nyuma.

#5 Karanga_Juu (Moshi)
#4 nimekupata, lakini mfano wangu ulikuwa wa mtu ambaye pikipiki imeruhusiwa kwa kiambatisho (karatasi ya nyongeza kwenye hati) na bado akapata sifuri. Ni mambo mawili tofauti.

#6 Kijiwe_Mbuyuni (Moshi)
Lakini pikipiki ina bima, stika ipo TIRAMIS (mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka ya bima), ukiiangalia inasoma. Hiyo haimlipi dereva?

#7 Wakala_Sakina (Arusha)
Haimlipi. Hapa ndipo wengi wanapozama. Bima ndogo inatokana na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, na inamkinga mtu wa tatu, yaani yule uliyemuumiza wewe. Dereva mwenyewe si mtu wa tatu kwenye chombo chake. Gari dogo la binafsi watu wanalipa 118,000, na dereva akipinduka peke yake pale Kikwe hata senti haipo kwa mguu wake. Hata ile bima kubwa inatengeneza gari tu. Kinga ya mwili wa dereva mpaka iongezwe kwa maandishi.

Ila dereva wetu wa Himo aligongwa. Gari lililomgonga lina bima ndogo, na kwa bima hiyo yeye ndiye mtu wa tatu. Anaweza kudai huko bila kugusa hati yake.

#8 Kwa_Mrefu_Mkongwe (Arusha)
Na abiria wa chombo chochote anakingwa na bima ndogo, nyongeza kidogo tu hapo.

#9 Korongoni_Sheria (Moshi)
#8 umeteleza, mzee wangu. Si chombo chochote. Sheria inalazimisha kinga kwa abiria wa chombo cha kulipwa, kama daladala, na kwa anayebebwa kwa sababu ya kazi. Uliyempa lifti kwenye gari lako la binafsi kutoka Bomang'ombe hayumo kwenye kinga ya lazima, mpaka hati yako imtaje. Soma kifungu cha 5.

Na kwenye kudai kwa #7, mambo matatu. Kwanza, madai ya kuumizwa kwa uzembe yana ukomo wa miaka 3. Pili, kampuni ipewe notisi ya maandishi mapema kabla kesi haijafunguliwa, maana kifungu cha 10 kinaibana ilipe hukumu ikiwa ilijulishwa. Tatu, chukua namba ya gari na picha ya stika palepale barabarani, kabla gari halijavutwa. Likishavutwa, kuipata kampuni yake ni kazi ya wiki.

#10 Kwa_Mrefu_Mkongwe (Arusha)
Nimekubali, asante kwa kunirekebisha.

#11 Machame_Maziwa (Moshi)
Mmeishika barabara peke yake, majeraha yapo hata zizini. Huku juu mashine ya kukatia majani ya ng'ombe inakula vidole kuliko pikipiki. Naomba niingize jedwali.

Kwenye jedwali la kawaida la bima ya ajali, kidole gumba chote (pingili mbili) ni asilimia 25, pingili moja ya gumba ni 10. Kidole cha shahada chote ni 10, pingili mbili 8, pingili moja 4. Kidole gumba cha mguu kizima ni 5. Jicho moja 50. Mikono miwili, au miguu miwili, au macho mawili ni 100. Hati moja na nyingine hazilingani, kwa hiyo soma jedwali la hati yako mwenyewe.

Sasa iangalie mashine. Mtu anasukuma mashina ya migomba, utomvu unafanya mkono uteleze, kisu kinapita kwenye ncha ya shahada. Kikipita juu kidogo ya kiungo cha mwisho, yaani mfupa wa pingili ya juu umebaki na kipande chake cha chini, kampuni inasema pingili haijapotea, imepungua. Kikipita kwenye kiungo chenyewe, ni asilimia 4. Kwa milioni 10, tofauti ya nusu sentimita ni 400,000 dhidi ya sifuri. Ndiyo maana eksirei ya kiganja ipigwe siku ileile kabla kidonda hakijafungwa, na ripoti itaje pingili kwa jina. Ripoti iliyoandikwa "amekatika kidole" haimsaidii mtu.

#12 Kijiwe_Mbuyuni (Moshi)
Mama Maziwa, hiyo ya nusu sentimita imenisimamisha. Lakini vipi kama kidole kipo ila hakikunji tena?

#13 Machame_Maziwa (Moshi)
Swali zuri, mwanangu. Hati nyingi zinasema "kupoteza" ni kukatika au kupoteza kabisa matumizi kwa kudumu. Kidole kilichokufa ganzi na kukakamaa kinahesabika kama kimekatika, ila si mwezi wa pili. Inabidi daktari aseme hakitarudi tena. Zipo hati chache ambazo zinataka kukatika tu. Hizo ziogope.

#14 Randa_Unga_Ltd (Arusha)
Nina maelezo tofauti na wote. Kwenye karakana za seremala tatizo si jedwali wala mlango wa pikipiki. Tatizo ni neno "mfanyabiashara".

Kampuni zinapanga kazi kwa madaraja. La 1 ni wa mezani, la 2 ni msimamizi anayetembelea kazi, la 3 ni wa kazi za mikono nyepesi, la 4 ni wa hatari: mashine za mbao, urefuni, umeme mkubwa. Ada inapanda kwa daraja. Wakala anajaza fomu, anaandika "mfanyabiashara, samani", mteja anaingia daraja la 1. Siku randa inapochukua vidole, mpelelezi anafika karakana, anamkuta na vumbi la mbao hadi kwenye kope. Kinachofuata ama ni kukataa kwa kuficha ukweli, ama ni kulipa kwa uwiano: ulilipia ada ya 30,000 wakati daraja lako ni la 75,000, unalipwa sehemu 30 kati ya 75. Kidole gumba cha milioni 2.5 kinakuwa milioni 1.

Kwa hiyo mtu akiniambia bima imempunja, karatasi ya kwanza ninayoiomba ni fomu ya maombi, niione imejazwa kwa mwandiko wa nani.

#15 Wakala_Sakina (Arusha)
#14 hapo umetupiga mawakala, na kwa haki. Fomu ijazwe na mteja mwenyewe, au asomewe kila mstari kabla ya saini, na abaki na nakala. Kazi ikibadilika katikati ya mwaka, mfano aliyekuwa dukani anaanza kuendesha noah ya Arusha–Moshi, aandike barua. Kampuni itaongeza ada, lakini hataangukia kwenye uwiano.

#16 Kwa_Mrefu_Mkongwe (Arusha)
Na mbege je? Huko Moshi mtu akitoka kwenye kikao cha ukoo amekunywa kata mbili akaanguka kwenye mfereji, analipwa?

#17 Karanga_Juu (Moshi)
Mzee wetu wa Arusha, kila uzi lazima utufikishe kwenye mbege yetu. Karibu tu siku moja, utapewa ya ndizi mbivu.

Jibu: inategemea maneno. Zipo hati zinazosema "akiwa amelewa" na kuishia hapo, hizo zinamfunga hata aliyekuwa amekaa anaangukiwa na mti. Zipo zinazosema "ajali iliyosababishwa na ulevi", hapo kampuni ndiyo yenye mzigo wa kuonyesha kwamba kata mbili ndizo zilizomwangusha, na si tope la mwezi wa nne. Neno moja tu, na mtu amelipwa au amekosa.

#18 Mgumu_Marangu (Moshi)
Wakuu, mmesahau mlima. Tafuteni kwenye hati zenu mstari huu: hailipwi ajali ya "kupanda milima kunakohitaji kamba au waongozaji". Mstari huo ulitungwa kwa ajili ya majabali ya huko Ulaya. Sasa ulete hapa kwetu. Kilimanjaro hakuna anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, hata kama njia ya Marangu ni ya kutembea kwa miguu mwanzo hadi mwisho. Kwa maneno yalivyo, mgumu (mbeba mizigo wa mlimani) aliyeteleza na kikapu cha jikoni hata kabla ya kambi ya kwanza, Mandara, yuko kwenye kupanda mlima kunakohitaji mwongozaji.

Dawa ni kiambatisho. Kampuni ya utalii inapokatia kundi, idai kwa maandishi kwamba mstari huo umefutwa kwa kupanda Kilimanjaro na Meru kwa njia zilizoruhusiwa, hadi mita 5,895. Bila hiyo namba ya urefu, mtu ataleta ubishi kwamba kinga iliishia kambi ya Kibo, mita kama 4,700.

#19 Korongoni_Sheria (Moshi)
#18 ni hoja nzito, ingawa mimi ningeipinga. Mwongozaji pale anahitajika kwa kanuni ya hifadhi. Ardhi yenyewe haimhitaji. Neno "kunakohitaji" linaweza kusomwa kwamba ni mlima usiopandika bila yeye. Na maneno yenye utata kwenye mkataba husomwa dhidi ya aliyeyaandika, yaani kampuni.

#20 Mgumu_Marangu (Moshi)
Inasomwa hivyo mahakamani, kaka. Mgumu aliyelala na mguu hana nauli ya wakili. Mimi nataka ifutwe kabla ya kupita geti.

Tena liko jingine. Anayeshushwa usiku kutoka Kibo kwa machela ya gurudumu moja mara nyingi hajavunjika popote. Ni mapafu yamejaa maji kwa sababu ya urefu. Bima ya ajali inataka kitu cha nje, cha ghafla, kinachoonekana. Ugonjwa wa urefu hauna pigo la nje, kwa hiyo kampuni inauita ugonjwa. Sasa mtu huyohuyo akipata kizunguzungu cha urefu, akaanguka, akavunja nyonga, hiyo ni ajali au ugonjwa?

#21 Randa_Unga_Ltd (Arusha)
Ni ajali. Nyonga imevunjwa na jiwe.

#22 Korongoni_Sheria (Moshi)
Hati nyingi zinasema jeraha litokane na ajali "peke yake na bila sababu nyingine yoyote". Kwa neno hilo kampuni itasema kizunguzungu ndiyo sababu nyingine. Mimi nakubaliana na #21 kwamba sababu ya karibu ni kuanguka, ila nisingemhakikishia mtu.

#23 Tengeru_Nesi (Arusha)
Kesi ngumu kuliko zote ni ya kisukari. Mtu anajikwaa kwenye jiwe Jumatatu, kidole gumba cha mguu kinachubuka. Wiki ya pili kidonda kimenuka, wiki ya tano kidole kinakatwa. Jiwe ni ajali, hilo halina ubishi. Lakini ripoti ikisema "kidonda cha kisukari", madai yamekufa. Ikisema "jeraha la kujikwaa tarehe fulani lililochelewa kupona kwa mgonjwa mwenye kisukari", kuna la kubishania. Zote mbili ni kweli kitabibu. Ila ya pili inawezekana tu kama alifika kituo cha afya ile wiki ya kwanza na jeraha likaandikwa kwenye kadi. Watu wanapaka mafuta ya taa nyumbani hadi wiki ya tatu, na ushahidi wa jiwe unapotea hapo.

#24 Mgumu_Marangu (Moshi)
Na jiko la mkaa ndani chumba kimefungwa, huu mwezi wa saba wa baridi? Hiyo ni ya nje?

#25 Tengeru_Nesi (Arusha)
Hewa ya sumu imetoka nje ya mwili, kwa hiyo hati nyingi zinaongeza kwa maandishi "kuvuta gesi kwa bahati mbaya", pamoja na kuzama majini na kuumwa na nyoka. Isipoandikwa, ubishi ni kwamba hakuna alama ya kuonekana. Kwa baridi ya Ngaramtoni na Kibosho, utafute mstari huo kabla ya kulipa ada. Na jiko libaki nje hata kama mstari upo.

#26 Kijiwe_Mbuyuni (Moshi)
Wagumu, waongozaji, madereva wa kampuni za utalii: hawa si wako WCF?

#27 Wakala_Sakina (Arusha)
Wanatakiwa kuwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa Sheria ya mwaka 2008, ulianza kupokea michango Julai 2015. Anachangia mwajiri peke yake, sasa ni asilimia 0.5 ya mshahara, na ni marufuku kumkata mfanyakazi. Ukiumia kazini matibabu yapo, na usipoweza kufanya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya kipato hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu hadi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Magonjwa ya kazini nayo yamo. Kwa hiyo yale mapafu ya #20 yana njia huku ambayo bima binafsi haina.

Angalieni kitu kimoja. Dereva wa mleta uzi angekuwa ameajiriwa na kavunjika paja kazini, angepata asilimia 70 kila mwezi kwa miezi yote mitano. Ila WCF haimwoni bodaboda anayejiajiri, na safari ya nyumbani–kazini haihesabiwi mpaka uwe kwenye usafiri wa bure wa mwajiri unaoendeshwa na mwajiri au mtu wake. Ukipanda daladala kwa nauli yako kutoka Usa River kwenda kazini Njiro, hauko kazini.

#28 Randa_Unga_Ltd (Arusha)
WCF ikishalipa na NHIF (bima ya afya) ikalipia kitanda, mtu bado anaweza kudai bima yake binafsi? Huku tunaambiwa "umeshalipwa".

#29 Korongoni_Sheria (Moshi)
Anaweza, na hapa watu wengi wanaacha fedha zao mezani. Gari lina bei, ndiyo maana bima ya gari inarudisha hasara tu. Mguu hauna bei ya sokoni. Malipo ya kifo, ya jedwali na ya wiki ni kiasi mlichokubaliana, kwa hiyo ukiwa na hati mbili zote zinalipa, WCF inalipa, na gari lililokugonga linalipa. Kampuni yako haiwezi kusema umeshalipwa kwingine.

Isipokuwa chumba cha matibabu. Hicho kinarudisha ulichotumia kweli, na kinataka risiti halisi. NHIF ikilipa 1,100,000 kati ya 1,400,000, unadai 300,000 iliyobaki. Ukijaribu kupeleka risiti zilezile mara mbili, unaharibu madai yote.

Pia angalia kama hati yako inakutaka utamke bima nyingine ulizonazo. Ukiulizwa kwenye fomu, jibu kweli.

#30 Tengeru_Nesi (Arusha)
Kwa wanaotafuta mpangilio wa karatasi, niweke kwa kasi.

Siku ya ajali: matibabu ya dharura hayasubiri PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), ila ndugu aifuate polisi siku hiyohiyo na irudi hospitali ijazwe. Picha za eneo, namba ya gari, majina ya mashahidi wawili. Ndani ya muda wa taarifa (hati nyingi zinaandika siku 14, nyingine 30) kampuni ijulishwe kwa maandishi hata kama huna karatasi hata moja. Ujumbe wa simu kwa wakala si taarifa, barua pepe kwa kampuni ni taarifa. Kisha fomu ya madai, ripoti ya daktari, eksirei za mwanzo na za mwisho, risiti, vyeti vya mapumziko visivyoachana tarehe, PF3 na PF90 (ripoti ya ajali) kutoka usalama barabarani, leseni, kadi ya chombo.

Vinavyoharibika zaidi ni vyeti vya mapumziko. Cha kwanza kinaishia tarehe 10, cha pili kinaanza tarehe 19, kampuni inakata hizo siku. Omba kingine kabla cha kwanza hakijaisha.

Ripoti ya asilimia ya ulemavu ni ya mwisho kabisa, baada ya daktari wa mifupa kusema hali imetulia. Kwa paja, usiombe kabla mfupa haujaonekana umeunga na mgonjwa anatembea bila magongo.

#31 Wakala_Sakina (Arusha)
Naongeza kwa #30: hati ya kukiri malipo. Imeandikwa kwamba umepokea na huna dai lingine juu ya ajali hiyo. Mtu mwezi wa tatu ana shida ya ada za shule, analetewa 400,000 asaini. Mwezi wa tisa mguu umekuwa mfupi kwa sentimita nne na goti halikunji, hiyo tayari ni ulemavu wa kudumu wa asilimia, lakini saini imeshafunga mlango. Kama una shida, omba malipo ya wiki yatolewe kwa awamu na iandikwe "malipo ya sehemu".

Ukikwama: barua ya malalamiko kwa kampuni kwanza, ipigwe mhuri nakala yako. Usiporidhika, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha. Kisha yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

#32 Machame_Maziwa (Moshi)
Na mnufaika aandikwe jina, uhusiano na namba ya simu. Ikiachwa wazi, malipo ya kifo yanaingia kwenye mirathi: muhtasari wa kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo, msimamizi ateuliwe, ndipo kampuni iandike hundi. Mjane anasubiri miezi huku watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule. Aliyebadilisha ndoa au kuzaa tangu alipojaza fomu aende akabadilishe.

#33 Karanga_Juu (Moshi)
Asanteni, nimeokota mengi. Bado nashikilia la kwangu: hata fomu ikijazwa sawa, daraja likawa sahihi, cc zikaruhusiwa na karatasi zikakamilika, mtu mwenye vyumba viwili atalipwa sifuri kwa paja lililounga. Kosa liko kwenye kinachouzwa.

#34 Randa_Unga_Ltd (Arusha)
Nami nashikilia langu. Mwenye vyumba vinne na fomu ya uongo naye anaishia palepale.

#35 Wakala_Sakina (Arusha)
Mkuu #33, wenye vijiwe wakikatia kwa kundi, tuseme watu 40 kwa hati moja, chumba cha wiki kinakuwa na bei inayobebeka, maana kampuni inasambaza hatari. Ila kundi lazima liwe na orodha ya majina yenye namba za leseni, na akiingia mpya aongezwe kwa barua. Asiye kwenye orodha hayumo, hata kama ametoa mchango kijiweni.

#36 Kijiwe_Mbuyuni (Moshi)
Sisi tuko 34, leseni A ni 21, waliobaki wana A1 na wanaendesha 150. Hao 13 tuwaweke kwenye orodha sasa, au wasubiri wabadilishe leseni kwanza?

#37 Korongoni_Sheria (Moshi)
Wabadilishe kwanza. Ukiwaweka leo mnalipia ada ya watu 13 ambao mstari wa leseni tayari umewatoa. Katieni 21, na kwenye hati muombe iandikwe wengine wataongezwa kwa ada ya miezi iliyobaki.

#38 Randa_Unga_Ltd (Arusha)
Na kwenye safu ya kazi muandike "dereva wa pikipiki ya abiria". Msikubali "mjasiriamali".